Je, wajua watafiti hutambuaje kama ni sera iliyobadilisha maisha ya watu, au ni mambo mengine tu?

Serikali inapandisha kima cha chini cha mshahara. Mwaka unapita, ajira zinapungua. Walioipinga sera hiyo wanasema, "Tulionya." Waziri anajibu kwamba ni hali ya uchumi wa dunia. Nani mkweli? Kwa kutazama takwimu za kabla na za baada peke yake, hakuna awezaye kujua, hata akiwa profesa. Ndani ya mwaka huohuo bei ya mafuta imepanda, viwanda vingine vimefungwa, vingine vimefunguliwa, na vijana wapya wameingia kutafuta kazi. Sera ni jambo moja kati ya mengi yaliyotokea kwa pamoja.

Njia nyingine inayovutia ni kuwalinganisha walionufaika na mpango fulani na wale waliokuwa nje yake. Hii nayo ina mtego. Mgonjwa ndiye anayewahi kujiandikisha bima ya afya, mzima anasema atajiandikisha kesho. Ukiwapima wote wawili, wenye bima wataonekana wagonjwa zaidi, na mtu asiye makini atahitimisha kwamba bima inaleta maradhi.

Anachohitaji mtafiti ni kuiona nchi ileile, mwaka uleule, watu walewale, ila bila sera hiyo. Nchi hiyo haipo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake ni kumtafuta pacha wake: kundi la watu wanaofanana na walioguswa na sera kwa kila kitu isipokuwa sera yenyewe. Na pacha huyo, mara nyingi, hupatikana mahali ambapo serikali ilichora mstari bila sababu kubwa. Mpaka wa jimbo. Tarehe ya kuzaliwa. Majina yaliyochotwa kwa kura. Mwananchi aliyeangukia upande mbaya wa mstari huona ameonewa, na pengine ni kweli, lakini kwa mtafiti mstari huo ni dhahabu.

Tuanze na mpaka. Tarehe 1 Aprili 1992, jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 kwa saa hadi dola 5.05. Jirani yake, Pennsylvania, alibaki pale pale kwenye 4.25. Wanauchumi David Card na Alan Krueger walikusanya taarifa za migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili za mpaka, kabla ya mabadiliko na miezi kadhaa baadaye. Hawakuuliza tu ajira zimebadilika kiasi gani New Jersey. Waliuliza zimebadilika kiasi gani kuliko zilivyobadilika Pennsylvania. Kama uchumi ulikuwa mbaya kote, ubaya huo ungeonekana kwenye majimbo yote mawili na kujifuta wenyewe katika hesabu.

Wanauchumi wengi wa wakati ule walitarajia ajira zipungue, kwa kuwa kitu kikipanda bei hununuliwa kidogo, na kazi ya mtu nayo ina bei. Ajira hazikupungua. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1994, yalizua ugomvi. Watafiti wengine walichukua kumbukumbu za malipo za baadhi ya migahawa wakapata jibu la kinyume. Card na Krueger wakarudi mwaka 2000 na takwimu za serikali, wakaonyesha kwamba athari kwa ajira ilikuwa ndogo mno. Mwaka 2021 Card alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Uchumi, nusu nyingine wakagawana Joshua Angrist na Guido Imbens. Krueger alikuwa amefariki mwaka 2019, na tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu. Mabishano juu ya kima cha chini hayajaisha hadi leo, ila yamebadilika: sasa watu hubishana kwa takwimu.

Kwangu mimi, mfano ulio mtamu zaidi ni ule wa kura ya Oregon. Mwaka 2008 jimbo hilo la Marekani lilikuwa na fedha za kuwaingiza watu wazima wa kipato cha chini wapatao 10,000 kwenye bima yake ya afya. Waliojiandikisha walikuwa kama 90,000. Badala ya kutanguliza waliowahi foleni, jimbo likachota majina kwa bahati nasibu. Hapo pacha akawa amezaliwa bila mtafiti yeyote kumuumba: waliochaguliwa na walioachwa walitofautiana kwa bahati tu. Timu iliyoongozwa na wanauchumi Amy Finkelstein na Katherine Baicker ikaanza kuwafuatilia.

Tatizo lilijitokeza mapema. Kuchaguliwa hakukuwa kupata bima. Ilibidi ujaze fomu, uirudishe kwa wakati, uthibitishe kipato chako. Mwishowe ni kama asilimia 30 tu ya waliochaguliwa walioingia kwenye bima. (Fomu nayo ni sera, ingawa hakuna mbunge anayeihutubia.) Ndiyo maana watafiti hawakuwachagua waliofaulu kujaza fomu na kuwalinganisha na wengine, maana hao wangekuwa watu wa aina ya pekee, si mfano wa waliochaguliwa wote. Walilinganisha wote walioshinda kura na wote walioshindwa, kisha wakafanya hesabu ya kuzingatia kwamba wengi walioshinda hawakuipata bima.

Walichokuta hakikumfurahisha mtu yeyote moja kwa moja. Waliopata bima walikwenda zaidi kwa daktari na kutumia dawa zaidi. Madeni ya matibabu yalipungua. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ilipungua kwa kiasi cha kuonekana. Lakini kwa takribani miaka miwili ya kipimo, hakukuwa na mabadiliko yaliyothibitika katika shinikizo la damu, lehemu (kolesteroli) wala sukari ya damu. Na ule utabiri uliorudiwa sana, kwamba mwenye bima ataacha kukimbilia idara ya dharura kwa kuwa sasa ana daktari wake, ulianguka: ziara za dharura ziliongezeka kwa karibu asilimia 40. Ukifikiri, si ajabu. Huduma ya dharura nayo ilikuwa imeshuka gharama kwao.

Mstari wa tatu ni umri. Kati ya 1973 na 1979 Indonesia ilijenga zaidi ya shule 61,000 za msingi. Mwanauchumi Esther Duflo alilinganisha watoto waliokuwa wadogo vya kutosha kuzitumia na wale waliokuwa wameshapita umri wa darasa la msingi, katika wilaya zilizopata shule nyingi na zilizopata chache. Kwa kila shule iliyoongezwa kwa watoto 1,000, elimu iliongezeka kwa mwaka 0.12 hadi 0.19, na mishahara ya utu uzima kwa asilimia 1.5 hadi 2.7. Takwimu alizotumia ni za mwaka 1995, zaidi ya miaka 20 tangu ujenzi uanze. Hakuna kampeni ya uchaguzi inayosubiri muda huo.

Hata pacha akipatikana, jibu linabaki la mahali pale. Jimbo la Tennessee lilianza mwaka 1985 jaribio ambalo wanafunzi waligawiwa kwa bahati nasibu kwenye madarasa makubwa na madogo, na waliosoma kwenye madarasa ya wanafunzi 13 hadi 17 walifanya vizuri zaidi. California ikasoma matokeo hayo na mwaka 1996 ikapunguza madarasa ya chini hadi wanafunzi 20, jimbo zima, kwa haraka. Ghafla zikahitajika maelfu ya walimu wapya, na wengi walioajiriwa hawakuwa na cheti kamili. Walimu wazoefu walivutwa na nafasi zilizofunguka katika shule zenye hali nzuri, na shule za watoto maskini zikabaki na wageni wa kazi. Faida iliyotarajiwa ikapungua. Utafiti wa Tennessee haukuwa umekosea. Ulijaribu darasa dogo mahali ambapo walimu walitosha, na haukuwahi kuuliza nini kingetokea wasipotosha.