Je, wajua kwa nini lenzi fulani za zamani hugeuka manjano zikiwa kabatini?

Wakusanyaji wa kamera za zamani huwa na kisa ambacho hakiendani na kanuni ya kawaida ya utunzaji. Chukua lenzi ya Super-Takumar ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.4 (yaani tundu pana linalopitisha mwanga mwingi), iliyotengenezwa na kampuni ya Asahi ya Japani mwishoni mwa miaka ya 1960. Moja imelala ndani ya mfuko wake wa ngozi kwa miongo kadhaa, haina mkwaruzo, haina kuvu, na maandishi yake bado yanasomeka kama yalivyotoka kiwandani. Lakini ukiichungulia kuelekea dirishani, kila kitu kinaonekana cha rangi ya kaharabu. Nyingine ya aina hiyo hiyo imezunguka shingoni mwa mpiga picha juani miaka yote, imechubuka rangi na kugongwa pembeni, na mara nyingi kioo chake ni cheupe kuliko cha ile iliyotunzwa. Swali ni kwa nini iliyodekezwa ndiyo iliyogeuka rangi.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba lenzi imezeeka, na uzee huo huelezwa kwa njia tatu ambazo zote zina sura ya ukweli. Ya kwanza ni uchafu, hasa moshi wa sigara wa mwenye kamera. Moshi huo kweli huacha utando wa manjano juu ya kioo, lakini utando huo hufutika kwa kitambaa laini na kimiminika cha kusafishia lenzi, ilhali manjano tunayoizungumzia haifutiki hata lenzi ikifunguliwa na kila kipande cha kioo kikasafishwa pande zote mbili.

Maelezo ya pili ni gundi, nayo yanastahili kusikilizwa kwa makini zaidi kwa sababu yana ukweli ndani yake. Vipande vya kioo vilivyomo ndani ya lenzi mara nyingi huunganishwa viwiliviwili, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa utomvu wa mti mmoja wa Kanada, ambao ukikauka huwa angavu kama kioo. Utomvu huo huweza kupata umanjano kadiri unavyozeeka, na lenzi za karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zinauonyesha. Tatizo ni kwamba tabaka la gundi ni jembamba mno, na gundi inapoharibika dalili zake kubwa huwa tofauti: huanza kuachia kutoka pembeni, ikaonyesha mapovu, mipasuko midogo au miduara yenye rangi kama za mafuta juu ya maji. Manjano ya Super-Takumar imeenea sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Zaidi ya hayo, gundi iliyozeeka hairudi ujana, lakini manjano hii, kama tutakavyoona, hurudi nyuma hadi kioo kikawa karibu cheupe kabisa.

Maelezo ya tatu ni utando wa kuzuia mng'ao ambao viwanda hupaka juu ya kioo. Hapa watu huchanganya rangi mbili ambazo hazina uhusiano. Ukiinamisha lenzi chini ya taa ukaona mwako wa dhahabu, zambarau au buluu, hiyo ni rangi ya mwanga unaorudishwa na utando, na lenzi nyingi nzuri zisizo na hitilafu yoyote huwa nayo. Manjano inayotuhusu ni ya mwanga unaopita. Namna ya kuzitenganisha ni kuiweka lenzi juu ya karatasi nyeupe, kufungua tundu lake hadi mwisho, kisha kutazama karatasi kupitia kioo ukiwa juu yake moja kwa moja. Karatasi ikibaki nyeupe, ule mwako wa dhahabu ulikuwa mng'ao tu. Karatasi ikiwa ya manjano au ya hudhurungi, basi rangi imo ndani. Wauzaji wasiojua tofauti hii hupunguza bei ya lenzi nzima bila sababu, jambo ambalo mnunuzi hana haja ya kulilalamikia.

Rangi imo ndani ya kioo chenyewe, na chanzo chake ni thoriamu, madini yanayotoa mionzi. Hayakuingia humo kwa bahati mbaya. Mbunifu wa lenzi hutaka kioo kinachopinda mwanga kwa nguvu lakini kisichotawanya sana rangi zake, na kwa kioo cha kawaida mambo hayo mawili hugombana: kadiri kinavyopinda zaidi, ndivyo kinavyotawanya zaidi. Katika miaka ya 1930 mkemia Mmarekani George Morey alionyesha kwamba oksidi za madini adimu kama lanthanamu na thoriamu zinaweza kuvunja ugomvi huo, na kampuni ya Kodak ya Rochester, Marekani, ikachukua maarifa hayo. Tunda lake linalojulikana sana ni Aero-Ektar, lenzi nzito ya f/2.5 iliyotengenezwa kwa kamera za ndege za kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita, kioo cha aina hii kilionekana katika baadhi ya lenzi za mwanzo za Leica Summicron 50 f/2, kisha katika Canon na Asahi, hadi thoriamu ilipoachwa na lanthanamu ikashika nafasi yake.

Sasa tuje kwenye mgeuko wenyewe wa rangi, ambao ndio sehemu inayopendeza. Atomu za thoriamu huvunjika moja moja, na kila inapovunjika hutupa chembe nzito iitwayo alfa. Chembe hiyo haina uwezo wa kusafiri mbali. Hata karatasi huizuia, na ndani ya kioo husimama baada ya kupita sehemu ndogo sana ya milimita. Lakini katika safari hiyo fupi hugonga elektroni nyingi na kuzing'oa mahali pake. Atomu zinazotokana na thoriamu nazo huvunjika kwa zamu yake, hivyo kugonga huko hakukomi mchana wala usiku.

Fikiria ubao wa bao uliojaa kete, kila moja ndani ya shimo lake, halafu mtu akaupiga ubao huo kwa ngumi kutoka chini. Kete huruka. Nyingi hudondokea mashimoni mwao, au katika mashimo yanayofanana nayo, na ubao ukaonekana kama mwanzo. Lakini ubao huu si mpya: una nyufa na vishimo vidogo ambavyo seremala hakuvikusudia, na kete chache hunasa humo. Ngumi moja haileti tofauti ya kuonekana. Ngumi zikiendelea kwa miaka 30, kete zilizonasa huwa nyingi, na hazitoki zenyewe, kwa kuwa ubao umetulia na hakuna kinachozitikisa. Elektroni zilizong'olewa ndani ya kioo hufanya vivyo hivyo: hunasa penye kasoro katika mpangilio wa atomu, na elektroni iliyonasa hivyo ina tabia ambayo haikuwa nayo ilipokuwa mahali pake, yaani hufyonza mwanga wa buluu na wa urujuani. Mwanga mweupe ukipita katika kioo chenye elektroni hizo hupoteza buluu yake, na kinachobaki macho yetu hukiona kuwa manjano.

Ubao huo huo unaeleza kwa nini lenzi ya juani ilibaki nyeupe. Ili kete iliyonasa itoke, lazima itikiswe kwa nguvu ya kutosha kuivusha ukingo wa ufa. Mtikiso mdogo hauisaidii kitu hata ukirudiwa mara nyingi. Mwanga mwekundu ni mtikiso mdogo. Mwanga wa urujuanimno, ambao jua hutoa kwa wingi lakini taa ya kawaida ya nyumbani haina wa kutosha, una nguvu ya kuitoa elektroni mtegoni na kuiacha itafute mahali pake pa asili. Lenzi inayotumika nje kila siku hufanyiwa usafi huu bila mwenyewe kujua. Ile iliyofungiwa gizani hupigwa ngumi zile zile bila kupata mtikiso wa kuzirudisha kete. Mfuko wa ngozi, kwa maneno mengine, uliilinda dhidi ya vumbi na kuikosesha dawa.

Ndiyo maana wakusanyaji huweka lenzi hizi juani, au chini ya taa ndogo za urujuanimno, kwa siku au wiki kadhaa, na manjano ikafifia. Namna ya kufanya hivyo ina masharti. Kioo cha dirisha huzuia sehemu ya urujuanimno, na vioo vya mbele vya lenzi yenyewe pia hupunguza, kwa hiyo upande wenye kioo cha thoriamu ndio unaopaswa kuelekezwa kwenye mwanga. Katika Super-Takumar na Aero-Ektar ni upande wa nyuma. Jua la nchi zetu lina faida na hasara. Linafanya kazi haraka, lakini lenzi ya f/1.4 iliyoachwa bila kifuniko upande wa pili hukusanya jua na kuwa kiberiti, na joto likizidi, grisi ya ndani huyeyuka ikatambaa hadi kwenye vipande vyembamba vya chuma vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Wenye uzoefu hufunika upande wa pili kwa karatasi ya alumini, na wengi hupendelea taa kwa sababu haina joto kali.

Hapa huzuka dhana nyingine, na huenda ndiyo iliyo ngumu zaidi kuing'oa: kwamba rangi ikitoka, mionzi nayo imetoka. Jua huzirudisha elektroni, nazo ziko nje ya kiini cha atomu. Kuvunjika kwa thoriamu hutokea ndani ya kiini, na hakuna mwanga wa jua wala wa taa unaokifikia. Thoriamu huchukua takriban miaka bilioni 14 kupungua kwa nusu, muda unaolingana na umri wa ulimwengu wote, kwa hiyo lenzi iliyokuwa juani wiki mbili hutoa mionzi kiasi kile kile ilichotoa kabla. Kwa sababu hiyo pia rangi hurudi, polepole, ikiwa lenzi itarejeshwa gizani.

Manjano peke yake haithibitishi thoriamu, na weupe wa kioo hauikanushi, maana lenzi ya thoriamu inaweza kuwa imesafishwa na jua juzi tu. Kipimo cha uhakika ni kipima mionzi cha Geiger kikiwekwa karibu na kioo, mbele na nyuma, kwa sababu upande mmoja unaweza kunyamaza na mwingine ukalia. Asiye nacho hutegemea kuitambua lenzi yenyewe. Super-Takumar 50 f/1.4 ilitengenezwa kwa namna mbili zenye jina moja: ya kwanza ina vipande vinane vya kioo na haina thoriamu, iliyofuata ina vipande saba na inayo. Zinatofautishwa kwa alama ya miale ya infraredi kwenye mstari wa tarakimu za f ulio kando ya kipimo cha umbali, ambayo katika ile ya vipande vinane iko kulia kwa tarakimu 4, na katika ile ya saba iko kushoto kwake. Lenzi za Kodak za miaka ya 1940 nazo hutaja mwaka wake: herufi mbili zinazotangulia namba ya lenzi husomwa kwa neno CAMEROSITY, ambamo C ni 1, A ni 2, na kuendelea hadi Y ambayo ni 0. Aero-Ektar yenye EE ni ya 1944. Yenye ER ni ya 1945.

Kuhusu hatari, kipimo kinachofaa ni umbali. Mionzi iliyo ya kupimika karibu na kioo hupungua upesi, na kwa umbali wa mita moja hivi ni vigumu kuitofautisha na ile iliyopo katika mazingira ya kila siku. Thoriamu, hata hivyo, si mgeni katika nyumba zetu: vile vifuko vya nyuzi vinavyowaka ndani ya taa za karabai, ambazo wavuvi wa dagaa walizitegemea kwa miongo mingi, vilitengenezwa kwa oksidi ya thoriamu, na majivu yake yaliweza kupeperuka na kuvutwa puani, jambo ambalo kioo kizima hakiwezi kufanya. Kioo kilichovunjika au kinachosagwa ni habari tofauti. Kanuni za Marekani kwa miaka mingi ziliruhusu lenzi zilizokamilika kuwa na thoriamu hadi asilimia 30 ya uzito wake, lakini ruhusa hiyo haikuhusu kuzichonga wala kuzing'arisha upya, na haikuhusu miwani wala vioo vya kuchungulia vya darubini, vifaa ambavyo kazi yake ni kukaa karibu kabisa na jicho. Anayepata Aero-Ektar kwa bei nzuri na kufikiria kuigeuza kioo cha kuchungulia cha darubini yake, kama baadhi ya watu walivyofanya na vipande vya lenzi za kijeshi, amechagua matumizi yale yale ambayo sheria iliyakataa.