Vichwa virefu vya kusubu: yanayosemwa na yaliyomo mtutuni

Kiswahili kimetuachia neno moja kwa vitu viwili: risasi ni madini, na risasi ni kile kinachotoka kwenye bunduki. Hapa madini yatabaki risasi, na kile kinachoruka nitakiita kichwa. Ninavyozungumzia ni vichwa virefu vya kusubu, yaani vya risasi iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, vya .45-70, katriji ya bunduki iliyoingia jeshini Marekani mwaka 1873, ambayo wapenda shabaha wa Marekani bado wanaijaza wenyewe. Tanzania na Kenya kujitengenezea bila leseni ni kesi, kwa hiyo msomaji wa huko asome kwa kujua tu.

Dhana inayopoteza watu kuliko zote ni kwamba risasi huyeyuka ndani ya mtutu kwa msuguano, ndiyo maana mtutu hubaki na utando wa kijivu, na dawa yake ni mafuta mengi. Inaingia akilini, maana risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Lakini mkosaji wa kawaida ni wembamba. Kichwa kikiwa chembamba kuliko mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ili kukizungusha, gesi ya baruti hupenya pembeni, huchonga ubavu wake na kuzibandika chembe za risasi kwenye chuma. Hapo hata ukipaka mafuta ya ndoo nzima, gesi itayapuliza nje yote.

Wengi hununua tundu la kubania, yaani chuma ambamo kichwa husukumwa kipate kipenyo kamili, la inchi 0.458 kwa sababu kitabu kimeandika hivyo. Mtutu haukusoma kitabu. Bunduki za zamani mara nyingi zina mifereji mipana zaidi ya hapo. Chukua kipande cha risasi laini, kipake mafuta, kipitishe polepole kwenye mtutu wa bunduki tupu kwa fimbo na nyundo ya mbao, kisha kipime kwa mikromita. Kichwa chako kizidi kipimo hicho kwa sehemu moja au mbili kati ya elfu za inchi. Elfu moja ya inchi ni kama theluthi ya unene wa unywele, na mtutu unaijua tofauti hiyo.

“Ukishakibana, kimenyooka.” Hili nililiamini mwenyewe. Kichwa cha greni 500 kina gramu 32 na urefu wa zaidi ya sentimita 3, na ni laini kiasi cha kukwaruzwa kwa ukucha. Siku moja nilivibana ishirini, vikatoka vinang'aa, mitaro ya ubavuni inayoshika mafuta imejaa nta vizuri. Nikavibingirisha kimoja kimoja kwenye kioo cha dirisha. Vitako vilitulia, pua zikawa zinayumba kama gurudumu la baiskeli lililopinda. Kile kishikio kinachosukuma pua kilikuwa cha umbo la kichwa kingine, kikasukuma upande mmoja tu. Niliviyeyusha vyote. Kichwa kifupi cha bastola kinaweza kuvumilia uzembe huo, kirefu hakiwezi. Ndiyo maana mashindano ya baruti nyeusi, ile ya kale yenye moshi mwingi, yana watu wasiobana kabisa: wanatafuta kalibu inayosubu kipimo kinachotakiwa, kisha wanajaza mitaro mafuta na basi. Na neno kalibu, hilihili la mafundi wetu, limetoka kwenye Kiarabu, na neno hilo la Kiarabu ndilo linalodhaniwa kuwa mama wa neno la Wazungu la kipenyo cha bunduki, “caliber”.

Kuhusu ugumu nitasema kifupi. Wanaodai kigumu ndicho bora wanafikiria baruti ya kisasa na mwendo mkali. Kwa baruti nyeusi mchanganyiko unaopendwa ni bati sehemu moja kwa risasi ishirini, ambao bado ni laini. Baruti inapolipuka hukipiga kichwa kitakoni, kikatanuka na kuziba mifereji. Kigumu mno hakitanuki, na kama kilianza kikiwa chembamba, kitatoka chembamba.

Sasa mafuta. Kwamba grisi yoyote inatosha, hata ile ya gari, si kweli, hasa kwa baruti nyeusi: mafuta yatokanayo na petroliamu yakikutana na masizi yake huwa kitu kigumu cheusi kama lami. Nta ya nyuki pamoja na mafuta ya wanyama huyalainisha masizi, na wazee walilijua hilo. Mauser za muundo wa 1871, ambazo askari wengi wa Wajerumani katika Tanzania bara ya leo walikuwa bado nazo vita vilipoanza 1914, zilitumia kichwa cha milimita 11 kilichofungwa karatasi, na nyuma yake kibonge cha nta. Moshi wake uliwaanika mbele ya adui, lakini hilo ni kosa la baruti.

Kiasi nacho kina mwisho. Mafuta yakae kwenye mitaro tu. Yaliyobaki kitakoni yafutwe, maana yanagusa baruti na kuiharibu. Baada ya kupiga, tazama mdomo wa mtutu. Ukikuta nyota laini ya mafuta kuuzunguka, yametosha hadi mwisho wa safari. Ukikuta pakavu, na utando wa kijivu umeanzia kwenye mdomo, yaliishia njiani. Utando ukianzia nyuma, karibu na chemba, usiongeze mafuta: rudi kwenye mikromita.