Je, wajua kwa nini chainizi hubeba mabaki ya dawa tunazomeza kuliko nyanya?

Ukinunua chainizi sokoni Mwanjelwa, Mbeya, utaambiwa uioshe vizuri na uiloweke kwenye maji ya chumvi. Kuosha kunasaidia kwa uchafu, mayai ya minyoo na vijidudu vilivyokaa juu ya jani. Kwa mabaki ya dawa hakufui dafu. Hata ukisugua jani mpaka lichanike, dawa haiko juu yake. Imo ndani, imepandia mzizini.

Dawa nyingi hazimalizwi na mwili. Metformini ya kisukari hutoka kwenye mkojo karibu vilevile ilivyomezwa. Kabamazepini ya kifafa huvunjwa sana mwilini, lakini ile inayotoka nzima hupita mabwawa ya majitaka bila kutetereka. Maji hayo yakifika mtoni, na mto ukinywesha vinyungu, yaani bustani za bondeni, safari imekwisha.

Kituko kiko kwenye jani. Kule Ivuna, wilayani Momba, watu walichemsha maji ya chumvi mpaka yakakauka, chumvi ikabaki chunguni. Chainizi hufanya kazi hiyo mchana kutwa bila kuni: mzizi unavuta maji, jani linayatoa kama mvuke, na kisichoweza kuruka kinabaki. Kesho yake huongezeka mabaki mengine. Upepo mkavu wa Septemba huharakisha mambo. Ukungu wa Uyole huyapunguza kasi. Tunda la nyanya halitoi mvuke mwingi, na sehemu kubwa ya utomvu wake hutoka majanini kwa mirija mingine, ambako kabamazepini hupita kwa shida.

Si kila dawa hupanda. Kabamazepini haina chaji ya umeme, hivyo hupenya utando wa mzizi; nyingi zenye chaji hunaswa na udongo au hukwama mlangoni. Amoksilini, kwa upande wake, huvunjika upesi.

Israeli, ambako mashamba mengi humwagiliwa kwa majitaka yaliyosafishwa, utafiti wa 2016 uliwalisha watu wenye afya mboga za mashamba hayo kwa wiki moja. Kabamazepini ikapanda kwenye mkojo wao, na waliohamia mboga za maji safi ikashuka. Kiasi kilikuwa kidogo mno kuliko cha mgonjwa anayemeza vidonge, na utafiti haukupima kama kuna aliyedhurika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2006 kuhusu kilimo cha majitaka uliweka uzito zaidi kwenye minyoo na vijidudu, yaani vile vinavyopungua kwa kuosha.