Farasi 75 hawakufa usiku mmoja

Ile picha imenifikia tena, safari hii kutoka kwa binamu yangu wa Tanga ambaye Camaro ameiona kwenye simu tu. Kushoto Camaro Z/28 ya 1971, gari la michezo la Chevrolet ya kampuni ya GM (General Motors), chini yake 330, yaani nguvu ya injini kwa kipimo cha farasi. Kulia Z/28 ya 1972, chini yake 255. Halafu maandishi mekundu: "Serikali iliua farasi 75 usiku mmoja." Kuna toleo jingine linalowasingizia Waarabu na mafuta yao. Nimeshawajibu watu kwenye makundi ya WhatsApp mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja hapa, na nikitumiwa tena natuma kiungo naendelea na kazi.

Injini ni ileile. Inaitwa LT-1, ujazo wake inchi 350, mgandamizo (kiasi hewa na mafuta yanavyobanwa kabla ya kuwaka) 9 kwa 1 miaka yote miwili. Kilichobadilika ni kipimo. Mpaka 1971 kampuni za Marekani zilikuwa zikitangaza nguvu ghafi, na kuanzia magari ya 1972 zikatangaza nguvu halisi. Anayekatwa PAYE, mfuko wa hifadhi na Bodi ya Mikopo hahitaji mchoro: ghafi ndiyo iliyoandikwa kwenye mkataba, halisi ndiyo inayoingia benki.

Ghafi ilipatikanaje? Injini inafungwa kwenye stendi maabara, nje ya gari. Feni haipo. Altaneta haichaji kitu, pampu ya usukani haijafungwa. Ekilina mara nyingi imetolewa, na kabureta inavuta hewa ya chumba cha baridi. Eksozi ni bomba pana lililo wazi, hakuna silensa. Taimingi, yaani wakati wa cheche kuwasha mafuta, inazungushwa na fundi mpaka apate namba kubwa kabisa, si ile ya kiwandani. Kisha matokeo yanasahihishwa kwa hali ya hewa nzuri kuliko utakayoikuta Agosti. Halisi ni injini hiyohiyo ikiwa na kila kitu utakachokikuta ukifungua boneti, silensa zake zikiwa zimefungwa na taimingi ya kitabu.

Wenye ile picha hawajui kwamba 1971 ni mwaka wa daraja kati ya vipimo viwili. GM walitoa namba zote mbili. Z/28 ya 1971: 330 ghafi, 275 halisi. Basi kati ya wale farasi 75 waliouawa, 55 hawakuwahi kukanyaga lami. Wamebaki 20. Hao nakiri wananisumbua: mgandamizo ni uleule, na maelezo ya kawaida kwamba ni taimingi na vifaa vya kupunguza moshi sijawahi kuyaona yamethibitishwa kwa kiasi cha kuniridhisha. Lakini 20 siyo 75.

Mauaji yenyewe yalikuwepo, ila yalianza mwaka mmoja nyuma na hayakupigiwa kelele. Z/28 ya 1970 ilikuwa na mgandamizo wa 11 kwa 1 na farasi 360 ghafi. Ya 1971 ikashushwa hadi 9 kwa 1 kwa sababu rais wa GM, Ed Cole, alitaka injini zote ziweze kunywa petroli ya oktani ndogo yenye risasi kidogo, maandalizi ya sheria za moshi. Ongeza kampuni za bima zilizokuwa zikiwakamua vijana wenye V8 kubwa. Mafuta? Vikwazo vya Waarabu vilianza Oktoba 1973. Hemi 426 ya barabarani, V8 kubwa ya Chrysler (wenye Dodge), ilikuwa imekomea magari ya 1971. Maiti ilishaoshwa. Na katika 1973 na 1974 hizohizo, Pontiac, nao wa GM, waliuza Super Duty 455 yenye farasi 290 halisi, injini ya kutisha kwa enzi yake. Sehemu hii naipita haraka kwa sababu imeandikwa na kila mtu.

Kinachonikera zaidi ni kundi la pili, waliokwisha kusikia habari ya ghafi na halisi na sasa wamekuwa wataalamu. Hao wana kanuni: chukua namba ya zamani, toa asilimia 20, umemaliza. Hapana. Angalia magari yenye namba zote mbili. LT-1 ya Z/28 inatoka 330 hadi 275, karibu asilimia 17. Hemi ya 1971, 425 hadi 350, karibu 18. LS5 454, injini ya Corvette ya Chevrolet, mwaka huohuo, 365 hadi 285, karibu 22. Kila injini ina makato yake, kwa sababu kila gari lina eksozi yake na mikanda yake. Chevelle SS 454 ya 1970, ya Chevrolet, yenye injini ya LS6 ilitangazwa 450, na mwaka ule hakukuwa na namba halisi ya kuilinganisha. Anayekuambia LS6 "kwa kweli ilikuwa 360" amepiga hesabu kwenye kikokotoo, hajapima kitu.

Tena kanuni hiyo inadhani namba ghafi ilikuwa ya kweli. Nyingi zilikuwa uongo, na uongo wenyewe ulikuwa wa kupunguza! Mustang ya Ford ya 1968 yenye injini ya 428 Cobra Jet iliandikwa 335. Mwanzoni mwa mwaka huo magari hayo yalienda kwenye mashindano ya robo maili Pomona, California, na kuwapiga watu kiasi kwamba hakuna fundi mwenye akili aliyeiamini namba hiyo. Z/28 ya kwanza, ile 302 iliyoundwa kwa mashindano ya Trans-Am yenye ukomo wa lita 5, iliandikwa 290. Ford walipoleta Boss 302 kupambana nayo, nayo ikaandikwa 290. Ajabu ya maajabu. Sababu za kuficha zilikuwapo: NHRA, chama cha mashindano ya robo maili, walipanga madaraja kwa kugawa uzito kwa farasi waliotangazwa, kwa hiyo ukijipunguzia farasi kwenye karatasi unapangiwa wapinzani dhaifu. Bima nao walisoma karatasi ileile. Ndani ya GM kulikuwa na agizo la kutozidi farasi mmoja kwa kila pauni 10 za gari, Corvette pekee ikisamehewa. Kwa hiyo 290 ya Z/28 ni namba ghafi, ambayo inatakiwa kuwa kubwa kuliko ukweli, iliyopunguzwa kwa makusudi kuwa ndogo kuliko ukweli. Haya, toa asilimia 20.

Mimi kazi yangu ni daino ya rola, mashine inayopima nguvu ya gari tairi zikizunguka juu ya rola, hapa Michigan. Gari linafungwa mikanda minne, feni kubwa mbele, gia ambayo uwiano wake uko karibu na moja kwa moja, unakanyaga mpaka mwisho. Gari lililorejeshwa kwa uaminifu, tairi za mtindo wa zamani, linanuka petroli mbichi kabla hata hujaliwasha. Kuna mzee alileta Camaro ya 1969 yenye 396, ile iliyoandikwa 325. Kila kitu cha asili, kadi ya kiwandani kaitia nailoni. Mashine ikaandika kidogo juu ya 200. Akasema mashine mbovu. Nikarudia ikaja ileile. Akaniuliza kama "kule kwenu" mashine hizi zipo. Nikamwonyesha Mustang mpya aliyoileta mtu asubuhi, ikasoma inavyopaswa. Alilipa, hakusema asante.

Lakini na mimi nisijifanye malaika. Rola zinapima kwenye tairi, baada ya giaboksi, propela na difu kula chao. Tunapowaambia wateja "ongeza asilimia 15 upate nguvu ya injini", tunabahatisha. Msuguano wa difu haupandi sawasawa na nguvu ya injini, mafuta ya giaboksi yakiwa ya baridi yanakula zaidi, na daino ya kampuni moja haisomi sawa na ya nyingine. Zaidi ya hapo, kuna gereji zinazosahihisha namba kwa hali ya hewa kwa kanuni ya STD badala ya ile ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, ili namba inenepe kidogo. Mteja anaondoka na karatasi nzuri, na gari ni lilelile.

Sasa twende kwenye ufufuo wa magari haya, ndiko binamu yangu alikotaka kufika na ile picha yake. Mustang ya 2005 ilirudi na sura ya miaka ya sitini na farasi 300, ikauzika, na wengine wakaamka. Challenger SRT8 ya Dodge ikaingia 2008 na Hemi ya lita 6.1. Farasi wangapi? 425. Namba ileile ya Hemi ya zamani, na sidhani kama kuna aliyeilalamikia Dodge. Ndipo watu wakaandika kwamba miaka 40 imepita hakuna kilichoongezeka. Jamani! Moja ni 425 ghafi, nyingine ni 425 halisi. Weka Hemi ya 1971 kwa kipimo cha leo ni 350 kwa mujibu wa Chrysler wenyewe.

Hapa pia kuna kona. Kwenye mbio za robo maili tofauti haikuwa kubwa kama hesabu inavyodai, maana Challenger mpya ilikaribia kilo 1,900. Ukitaka kulinganisha ya zamani na mpya, achana na sekunde, tazama kasi wakati gari linavuka mstari wa mwisho. Tairi mbovu za 1970 zinaharibu kuondoka, kwa hiyo zinaharibu muda. Kasi ya mwisho zinaigusa kidogo tu. Na majaribio ya magazeti ya enzi hizo yasomwe kwa jicho moja, kwani kampuni ziliwapa waandishi magari yaliyopikwa.

Camaro iliporudi, toleo lake la SS la gia za mkono ikatangazwa 426. Mmoja zaidi. Mustang GT ya 2011 ikaja na 412 na injini ndogo ya lita 5. Hapo ushindani ulinoga, kwa sababu wote walipima kwa fimbo moja: tangu 2005 SAE wana utaratibu wa kuthibitisha namba mbele ya shahidi. Ulihitajika. Mustang Cobra ya 1999 iliandikwa 320 halisi, wenye magari wakapima wakakuta pungufu, Ford wakalazimika kuyaita yarudi kurekebishwa. Kisha ikaja Hellcat ya Dodge ya 2015 na 707, na mchezo ukageuka wazimu. Mwaka huohuo Mustang ikaanza kutoka kiwandani Flat Rock na usukani wa kulia, ndiyo maana mnaziona Nairobi na Dar.

Desemba 2023 Challenger na Camaro zote zilikoma, ikabaki Mustang peke yake. Wakati huohuo masharti yanarudi nyuma ya namba kimyakimya. Challenger Demon 170 ilitangazwa 1,025, lakini kwa E85, mafuta yenye ethanoli nyingi. Ukijaza petroli ya pampu ni 900. Charger Daytona ya umeme ya Dodge, toleo la Scat Pack, inatangazwa 670, na 40 kati ya hao wanakuja kwa sekunde chache ukibonyeza kitufe. Hiyo kwangu ni ghafi iliyovaa suti. Ninayoisubiri ni Charger ya petroli, silinda sita kwa mstari, tabo mbili, lita 3 tu, 550. Mteja mmoja ameshaahidi kuileta kwenye rola, na mafundi wenzangu wa V8 wameanza kuweka dau.