Mkuo wa metali mbili: zinashikana vipi?

Ukiyeyusha pistoni kuukuu za lori la dizeli, alumini ikishakuwa uji na kumiminwa yote, mara nyingi chini ya chungu hubaki ringi nene za chuma. Mafundi wanaosubu alumini hapa Nakuru wanazijua vizuri. Malori yanayopanda kuelekea Salgaa na Mau Summit huacha pistoni nyingi gerejini, na pistoni ni mali nzuri ya kuyeyusha. Kijana mmoja aliyekuja kujifunza kazi aliokota ringi hizo kwa koleo akaniuliza ziliingiaje humo ndani. Hazina bolti wala hazikugongomelewa. Ukiikata pistoni kwa msumeno na kuisugua mpaka ing'ae, utaona chuma kimekaa ndani ya alumini bila hata mwanya wa unywele.

Swali hilo lina jibu refu, na linaanzia kwenye maana ya mkuo wa metali mbili.

Mkuo ni pande la metali lililosubiwa, yaani lililoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, likisubiri kazi nyingine: kufinywa liwe bati, kuvutwa liwe waya, au kuyeyushwa tena. Mkuo wa metali mbili ni pande moja lenye metali mbili zilizoshikana zikiwa kwenye kalibu, kila moja ikibaki upande wake. Usichanganye jambo hili na aloi. Aloi ni kama chai ya maziwa: ukishakoroga, huwezi kuonyesha maziwa yamekaa wapi. Mkuo wa metali mbili ukiukata unauona mpaka. Huku ni metali hii na tabia yake, kule ni ile na tabia yake, na hapo mpakani chembe za huku zimeshikana na chembe za kule kama zinavyoshikana chembe za metali moja.

Mpaka huo ndio dhana yenyewe. Chukua ile sarafu ya zamani ya shilingi 20, yenye kitovu cha rangi moja na duara ya rangi nyingine. Hiyo nayo ina metali mbili, lakini imebanwa tu: kitovu kimesukumwa ndani ya duara kwa nguvu ya mashine na kikakwama. Kubanwa si kushikana, ingawa kwa macho vinafanana kabisa.

Tofauti hiyo nilijifunza kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilisubu puli ya alumini ya mashine ya posho. Katikati ya kalibu niliweka bushi ya chuma, kisha nikaimiminia alumini moto ikaizunguka. Ilipopoa niliigonga kwa nyundo, nikaisukuma kwa jeki, haikutikisika. Nikaamini metali zimeshikana. Baada ya wiki chache mwenye mashine, mama mmoja wa upande wa Njoro, alinipigia: "Fundi, puli yako inazunguka lakini shafti imesimama." Nikamwambia ailete. Bushi ilikuwa inacheza ndani ya alumini, na nilipoitoa, uso wake wa nje ulikuwa safi. Hapakuwa na hata tone la alumini lililoshika.

Nilivyokuja kuelewa ni hivi. Alumini hutanuka na kunywea karibu maradufu ya chuma. Ilipopoa kwenye kalibu iliiminya bushi kama ngumi inavyoshika fimbo, na ndiyo maana nyundo haikunionyesha kitu. Lakini mkanda ukiteleza puli hupata moto. Kwa bushi ya kipenyo cha milimita 40, joto likipanda nyuzi 100, tundu la alumini hupanuka milimita 0.09 na bushi ya chuma milimita 0.05 tu. Tofauti hiyo ni kama nusu ya unene wa unywele. Ngumi hulegea kidogo, hukaza tena jioni, hulegea tena kesho, mpaka siku moja haikazi.

Kwa nini alumini iliyokuwa moto kiasi kile haikushika chuma? Wengi hudhani dawa ni kuongeza moto. Moto hauhusiani sana. Alumini, hata ikiwa uji, ina ngozi. Inapokutana na hewa tu, papo hapo hujifunika oksidi nyembamba mno. Alumini yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 660, lakini ngozi hiyo inahitaji zaidi ya nyuzi 2000. Hakuna tanuri la makaa litakalofika huko. Chuma nacho kina kutu na mafuta yake. Kwa hiyo uji wa alumini ukimiminwa juu ya chuma, kwa kweli ni ngozi inayogusa kutu. Mwaga maji juu ya jani la nduma: yanakuwa matone, yanabingirika, jani linabaki kavu. Yamwage juu ya kitambaa cha pamba, yanalowa mara moja. Metali ya moto inatakiwa kuilowesha ile nyingine kama maji na kitambaa. Isipolowesha, hakuna kushikana.

Njia ya pistoni ndiyo hiyo. Ringi ya chuma husafishwa mpaka iwe haina mafuta wala kutu, kisha huzamishwa kwenye alumini iliyoyeyuka na kuachwa humo mpaka alumini iiloweshe. Ikitolewa, huwekwa haraka kwenye kalibu ikiwa bado imevaa alumini mbichi, na aloi ya pistoni humiminwa hapo hapo. Mafundi wa viwandani huita njia hii Al-Fin. Ukichelewa, lile vazi linapoa, ngozi inajitengeneza upya, na umerudi kwenye puli yangu.

Kuna mtego wa pili. Chuma na alumini zikishaloweshana, chembe zao huanza kuhamiana, na hapo mpakani huzaliwa kitu cha tatu ambacho si chuma wala alumini. Ni kigumu kama glasi na hupasuka kama glasi. Tabaka hilo likiwa jembamba sana, ndilo linaloshika. Likinenepa, kiungo kizima huvunjika kwa kishindo kidogo tu. Kwa hiyo ringi ikizamishwa muda mfupi haishiki, na ikizamishwa muda mrefu inaharibika. Shaba na alumini zina tabia hiyo hiyo. Mtu anayekuambia ameunganisha alumini na shaba kwa kuziyeyusha pamoja tu, mwombe ukipinde kile kiungo.

Hata hivyo sipendi tuache kitu kilicho rahisi kwa ajili ya kilicho kigumu. Puli ya mama wa Njoro niliisubu upya, safari hii bushi ikiwa imechongwa meno na mifereji nje kwa leth, alumini ikaingia humo ikaganda. Hazikushikana, zilifungana tu, na kwa puli hiyo inatosha. Pistoni ni habari nyingine. Joto la mafuta yanayowaka juu ya pistoni lazima lipite kutoka alumini kwenda kwenye ringi na kuendelea, na mwanya wa hewa, hata wa unywele, huzuia joto. Pia pale panagongwa maelfu ya mara kila dakika. Meno peke yake yangelegea.

Mfano wa zamani zaidi ambao fundi yeyote mwangalifu anaweza kuufanya ni beringi ya metali nyeupe. Isaac Babbitt wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1839. Metali nyeupe nzuri ni bati (ile metali, kwa Kiingereza tin, si bati la kuezekea) kwa sehemu kubwa, pamoja na antimoni na shaba kidogo. Ni laini, hivyo shafti haikwaruzwi, lakini peke yake haiwezi kubeba uzito, kwa hiyo humiminwa ndani ya ganda la chuma au shaba. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, magurudumu ya treni za enzi hizo yalizungukia beringi za namna hiyo. Hapa kazi ni nyepesi kuliko ya alumini, kwa sababu bati safi huyeyuka kwa nyuzi 232 tu na hulowesha chuma kilichosafishwa kwa dawa ya kulehemu. Kwanza unalipaka ganda bati jembamba mpaka ling'ae kote. Ndipo, likiwa bado la moto, unamimina metali nyeupe.

Na kuna kipimo ambacho ningependa kila karakana ikitumie. Loweka beringi kwenye mafuta ya taa, itoe, ifute ikauke kabisa, kisha paka chaki kwenye ukingo ambapo metali mbili zinakutana. Subiri. Kama kuna mahali hapakushika, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Ningekijua kipimo hiki mapema, wala sasa nisingekuwa na hadithi ya puli.

Tukirudi kwenye mkuo wenyewe, kisa maarufu ni cha Thomas Boulsover, fundi wa visu wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1743. Husimuliwa kwamba alikuwa akirekebisha mpini wa kisu wenye fedha na shaba, akauzidishia moto, vikashikana. Siri iko kwenye joto. Fedha peke yake huyeyuka kwa nyuzi 962 na shaba kwa 1085, lakini zikigusana, pale zinapogusana huyeyuka kwa nyuzi 779. Mpaka huyeyuka kabla ya wenye mpaka. Baadaye walichukua mkuo wa shaba, wakauwekea bamba la fedha juu, wakazipasha moto mpaka ukingo ulipoanza kutoa uji, kisha wakaufinya kwa mashine ya rola uwe bati la kutengenezea birika na sinia.

Hapo ndipo faida ya kuanza na mkuo inapoonekana. Ukiufinya, tabaka zote mbili hupungua kwa uwiano ule ule. Mkuo wa unene wa milimita 400, wenye tabaka la juu la milimita 40, ukifinywa mpaka milimita 2, tabaka la juu litakuwa milimita 0.2. Sehemu ya kumi imebaki sehemu ya kumi. Hakuna mtu angeweza kupaka metali nyembamba kiasi hicho kwa usawa huo kwa mkono.

Leo bati la namna hiyo liko ndani ya karibu kila rejeta ya alumini. Moyo wake ni alumini yenye manganizi kidogo. Ngozi yake ni alumini yenye silikoni, ambayo huanza kuyeyuka kwa nyuzi 577, wakati moyo unaanza kwenye nyuzi 640 hivi. Kiwandani hupanga mabomba na mapezi ya rejeta, huyaingiza yote kwenye tanuri la nyuzi kama 600, na ngozi pekee huyeyuka na kulehemu mamia ya viungo kwa mara moja. Moyo unabaki umesimama.

Kwa miaka mingi mikuo hiyo ilitengenezwa kama ya Boulsover: mkuo mmoja wa moyo, mabamba ya ngozi yamewekwa juu, vinapashwa moto na kufinywa pamoja. Ngozi za oksidi zilikuwa katikati, na nguvu ya rola ndiyo iliyozipasua ili alumini safi igusane. Mwaka 2006 kampuni ya Novelis ilitangaza njia ya kusubu zote mbili kwa mpigo, ikaiita Fusion. Kalibu haina sakafu ya kudumu. Inapozwa kwa maji, na mkuo hushuka polepole huku metali ikiongezwa juu. Aloi ya kwanza hupozwa pembeni mpaka ijitengenezee ganda ambalo limeganda nusu tu. Aloi ya pili, ikiwa uji, hukutanishwa na ganda hilo kabla halijapoa na kabla hewa haijaligusa, ikaliyeyusha tena kwa juu juu tu, zikashikana. Ganda likipoa mno hazishiki, na likiwa laini mno linabomoka na zinachanganyika. Kwa tani kadhaa za metali, kushika nafasi finyu kama hiyo kutoka juu hadi chini ni kazi ninayoiheshimu sana.

Mafundi wa rejeta huona matokeo yake bila kujua chanzo. Rejeta za zamani za shaba zilikubali lehemu kwa urahisi. Hizi mpya za alumini, ukileta moto wa gesi, unakuwa na nyuzi kama 60 tu kati ya ngozi kuyeyuka na moyo kuyeyuka, na alumini haiwi nyekundu ikukuonye. Unaona bati, unaona bati, kisha unaona tundu.

Yule kijana aliuliza jambo la mwisho: kwa nini namharakisha kuzitoa zile ringi chunguni, nazo haziyeyuki kwa moto wetu? Ni kweli haziyeyuki, lakini alumini ya moto huzila. Zikikaa humo, chuma huingia kidogo kidogo kwenye uji, na puli utakayosubu kutokana nao itakuwa na sindano ngumu ndani yake na kupasuka mapema. Siku hizi anazitoa mwenyewe kabla sijasema, anazipanga kando ya tanuri, na akiona moja bado imevaa alumini iliyokataa kubanduka hata kwa patasi, ananiletea niione.