Ndege zikipita juu: maswali ya afya kuhusu mashambulizi ya anga

Hivi bomu la ndege linaua vipi hasa, si ni moto tu?

Wengi tunafikiri hivyo manake moto ndo unaoonekana kwenye video. Moto upo ila sio wa kwanza kufika. Bomu likilipuka linasukuma hewa kwa kasi inayozidi ya sauti, hilo ndo wimbi la mshindo, na likipita mwilini linaumiza zile sehemu zenye hewa ndani yake, yaani masikio, mapafu na utumbo. Nyuma yake vinakuja vipande vya chuma, vioo, mawe, misumari, kila kitu kilichokuwa kimetulia sasa kinaruka. Halafu mtu mwenyewe anarushwa akapiga ukuta, halafu ndo kuungua, moshi, vumbi na kufunikwa na kifusi.

Ukiwa karibu kabisa hapo hatudanganyani, hakuna cha kufanya. Ila waliojeruhiwa wengi huwa hawakuwa karibu kabisa, walikuwa umbali fulani, wamepigwa na vipande na vioo. Na vipande vinazuilika. Ukuta unazuia, mtaro unazuia, hata kulala chini tu kunapunguza. Ndo maana nasema elimu hii sio ya wanajeshi peke yao.

King'ora kimelia, niko ndani, handaki silijui liko wapi. Nikae wapi?

Ukraine watu wana kanuni ya kuta mbili, na mi naipenda kwa sababu hata mtoto anaishika. Kati yako na nje ziwepo kuta mbili: ya kwanza inapokea mshindo, ya pili inadaka vipande. Kwa nyumba nyingi hapo panakuwa korido isiyo na dirisha. Bafuni watu wanapapenda lakini angalia, vigae na kioo cha kujitazamia navyo vinapasuka vikawa visu. Kama ni ghorofa shuka chini kwa ngazi, lifti usiiguse, umeme ukikatika umekwama humo.

Na tafadhali usiende dirishani kuchungulia! Hapa ndo watu wanapoteza macho kila siku. Mwanga wa mlipuko unakufikia kwanza, mshindo unakuja nyuma, kwa hiyo mtu anaona mwanga anasogea dirishani aone kuna nini, simu mkononi, na kioo kinamkuta usoni. Mwaka 1917 meli ya baruti ililipuka bandarini Halifax kule Kanada, watu walikuwa wamesimama madirishani wanaangalia inavyoungua, mamia wakaumia macho. Beirut tarehe 4 Agosti 2020 hadithi ikawa ile ile. Haya hayakuwa mashambulizi ya ndege lakini kioo hakiulizi mlipuko umetoka wapi.

Kubandika utepe wa gundi (selotepu) kwenye vioo kunasaidia kidogo visitawanyike sana, ila usijidanganye ukalala chini ya dirisha eti kwa sababu umebandika. Pazia zito lililofungwa nalo linadaka kiasi.

Na nikiwa barabarani?

Lala kifudifudi, mahali palipo chini kama mtaro, mikono juu ya kichwa na shingo. Kaa mbali na magari na majengo ya vioo. Usikimbie ovyo, anayekimbia amesimama na aliyesimama anapokea vipande vingi kuliko aliyelala.

Handakini si ndo salama kabisa?

Salama kuliko nje, ndiyo. Kabisa, hapana. Vita Kuu ya Pili ndo ilifundisha watu, tena kwa gharama. Waingereza waligawa mabanda ya mabati ya kufukia uani, yakiitwa Anderson, na mwaka 1941 wakaleta Morrison ambayo ni kama meza ya chuma yenye wavu, unalala chini yake humo humo ndani ya nyumba. Yaliokoa wengi. Wengine walijaa kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi. Sasa angalia kilichotokea kwenye stesheni ya Bethnal Green, London, tarehe 3 Machi 1943: king'ora kimelia, watu wanashuka ngazi gizani, mtu mmoja akajikwaa, wa nyuma wakawa wanasukuma, wakafa watu 173 kwa kukosa pumzi na hakuna bomu lililoanguka pale. Kule Chongqing, China, tarehe 5 Juni 1941 ndege za Japani zilipiga kwa masaa na watu waliosongamana kwenye handaki wakafa kwa kukanyagana na kukosa hewa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuuliza ukifika handakini ni hewa inaingilia wapi na mlango wa pili uko wapi, unene wa zege uje baadaye. Hamburg, usiku wa kuamkia 28 Julai 1943, moto uliungana ukawa dhoruba na waliokuwa kwenye vyumba vya chini wengi walikufa bila kuguswa na moto, ni joto pamoja na hewa ya kaboni monoksaidi. Hii gesi haina rangi wala harufu. Leo hii inaua kwa njia nyingine ya kizembe zaidi, mtu anawasha jenereta ndani au jiko la mkaa kwa sababu baridi. Mkiona watu kadhaa kwa pamoja wanaumwa kichwa, kichefuchefu, wanasinzia sinzia, msiseme ni uchovu, zimeni kinachowaka na mtoke kwenye hewa safi haraka.

Kingine ambacho hakuna anayekifikiria ni miguu. Mwaka 1940 daktari mmoja wa kuchunguza maiti huko London, Keith Simpson, aliona watu wanaokufa ghafla baada ya kulala handakini, hawana jeraha. Kumbe walikuwa wanalala wamekaa kwenye viti vya turubai usiku kucha, damu inaganda miguuni, bonge linapanda mpaka mapafuni. Baadaye wakawekewa vitanda vya kulala. Kwa hiyo kama mnakaa masaa, simama, tembea hata hatua kumi, kunja na kunjua vifundo vya miguu, kunywa maji. Wajawazito, wazee na waliofanyiwa upasuaji karibuni ndo hasa.

Mtu anavuja damu sana, ambulansi haiji. Nifanyeje mimi ambaye sio daktari?

Kwanza tizama kama pale pana usalama, mara nyingine shambulio la pili linapiga pale pale wakati watu wamekusanyika kuokoa. Usikae katikati ya kundi.

Halafu damu. Mshipa mkubwa ukikatika mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, kwa hiyo usianze kutafuta maji ya kumnawisha. Bonyeza jeraha kwa kitambaa, kwa mikono miwili na uzito wako wote, na usiwe unachungulia kila saa kama imekata. Kama ni mkono au mguu na damu bado inaruka, funga mkanda mpana, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, sio kwenye kiwiko wala goti, pitisha kijiti ukizungushe mpaka damu ikate. Utamuumiza, atapiga kelele, ndo inavyotakiwa kuwa. Waya au kamba nyembamba hapana, inakata nyama. Andika saa uliyofunga, hata kwenye paji la uso wake kwa kalamu, na usifungue, atafungua daktari. Ule uoga kwamba ukifunga tu mguu umekwenda umeua watu wengi. Kwa kawaida masaa mawili kiungo kinavumilia.

Kipande kilichochoma kikabaki ndani usikichomoe. Kizungushie vitambaa kisicheze.

Tumemkuta amebanwa na kifusi ila anaongea vizuri. Tumtoe haraka si ndiyo?

Hapa pana mtego. Kama amebanwa dakika chache, toa. Kama ni masaa, misuli iliyobanwa imekufa taratibu na imejaa potasiamu na takataka nyingine, ukiinua lile zege damu inarudi kwa kishindo na kubeba vyote hivyo mpaka kwenye moyo na figo. Mtu aliyekuwa anaongea anakata roho dakika chache baadaye, au anapona halafu baada ya siku kadhaa mkojo unakuwa mweusi na figo zinazima. Daktari Eric Bywaters na mwenzake Beall waliandika habari hii mwaka 1941 baada ya kuwaona watu wa namna hiyo London wakati wa mabomu. Dawa yake ni dripu, ianze kabla ya kumtoa. Basi kama timu yenye dripu iko njiani, kaa naye, ongea naye, mfunike asipate baridi. Ila kama kifua ndo kimebanwa hapumui, au moto unakuja, mtoe, hiyo haina mjadala.

Mimi nimetoka mzima, hata mchubuko sina. Niende hospitali ya nini?

Mapafu yaliyopigwa na mshindo yanaweza kuanza kusumbua baada ya masaa. Ukianza kubanwa pumzi, kikohozi, hasa chenye damu, kifua kuuma, tumbo kuuma na kutapika, nenda usisubiri asubuhi. Masikio kuvuma au kutosikia ni kawaida, ngoma ya sikio ikitoboka mara nyingi inajifunga yenyewe, wewe usitie matone wala maji. Na wengine wanasema sikio zima basi na mapafu mazima. Sio kweli, usilitumie kama kipimo.

Kuungua je?

Maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, mafuta hapana. Fosforasi nyeupe, yaani kemikali ya kuwasha moto inayowekwa kwenye baadhi ya mabomu, ni kesi nyingine, inawaka tena ikikutana na hewa, kwa hiyo pale palipoungua pawe pamelowa maji muda wote mpaka hospitali, na uwaambie wanaompokea.

Mtoto wangu ana miaka saba ameanza kukojoa kitandani na akisikia pikipiki anajificha.

Hajawa kichaa na wala hafanyi makusudi. Mwili wake umejifunza kwamba kelele ni hatari na ulikuwa sahihi. Msimchape, msimcheke. Mrudishieni ratiba, kula saa ile ile, kulala saa ile ile, mwambieni ukweli kwa maneno mafupi, akitaka kuchora ndege zinazotupa mabomu mwacheni achore. Msimlazimishe asimulie. Wengi hutulia usalama ukirudi, ila ikipita mwezi na hali ni ile ile au inazidi, tafuteni mtaalamu. Na wewe mzazi punguza hizo video za simu, naye anaziona.

Kwenye begi la kukimbia nalo niweke nini?

Watu wanapakia nguo wanasahau dawa. Presha, kisukari, kifafa, pumu, ARV, za TB, weka za wiki mbili ukiweza pamoja na karatasi yenye majina ya dawa na vipimo vyake. Insulini isikae juani. Maji, tochi, redio ya betri, mkanda wa kufungia damu, miwani. Basi.

Hospitali inaruhusiwa kupigwa?

Hapana. Mikataba ya Geneva ya 1949 inailinda, na Itifaki ya 1977 inataka kila upande utofautishe raia na wapiganaji. Ulinzi unaondoka tu hospitali ikitumika kumdhuru adui, tena baada ya onyo. Waokoaji wa kiraia nao wanalindwa, alama yao ni pembetatu ya buluu ndani ya rangi ya chungwa, ijue. Kama sheria inafuatwa hilo ni swali la siku nyingine na lina hasira yake.

Ndege zimeondoka wiki iliyopita, watoto wameokota kitu kama mpira wa chuma.

Hilo ndo bado ni shambulio. Mabomu ya vishada yanatawanya vibomu vidogo na vingi havilipuki siku hiyo. Laos ilipigwa kati ya 1964 na 1973 na mpaka leo wakulima na watoto wanalipuliwa na vile vile vibomu, vidogo, duara, vinavutia mkono. Mkataba wa kuvipiga marufuku ulikuja 2008 na sio nchi zote zimesaini.

Kama ameshakishika, asikitupe, akiweke chini polepole kabisa na wote mrudi kwa kukanyaga nyayo zenu mlizojia. Simu msipige pale pale, sogeeni mbali kwanza. Wekeni alama ya kuonekana kwa mbali, mti au kitambaa, waiteni wanaotegua mabomu, na mmoja wenu abaki njiani kuzuia wengine wasipite.