Richardson hakukwama kwa kukosa kompyuta

Imetokea tena. Kijana wa mafunzo kasimama mbele yetu, slaidi ya kwanza ina picha ya Mwingereza mwenye miwani, naye anatiririka: "Lewis Fry Richardson alijaribu kutabiri hali ya hewa kwa hesabu akashindwa, kwa sababu enzi zake hakukuwa na kompyuta. Leo tunazo." Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono. Mwenzangu aliyekaa pembeni, ananijua miaka mingi, akashusha pumzi akafunga daftari lake.

"Mwanangu, kompyuta ingemsaidia nini?"

"Si angemaliza mapema, mzee?"

Angemaliza mapema, ndiyo. Angepata jibu lile lile baya, ila angelipata kabla chai haijapoa.

Nimelisikia hili mara nyingi mno, kutoka kwa wanafunzi, waandishi wa habari, hata wakubwa wenye kalamu ya kusaini bajeti. Kwa hiyo leo naliandika, ili siku nyingine nitume kiungo tu niendelee na ramani zangu za hali ya hewa.

Kwanza, kompyuta alikuwa nazo. Wakati ule neno hilo la Kiingereza lilikuwa cheo cha mtu, yule anayelipwa kupiga hesabu. Mwaka 1910 Richardson alichapisha kazi juu ya mikazo ndani ya bwawa la mawe, mfano wake ukiwa bwawa la Aswan kule Misri, na hesabu zake zilipigwa na vijana aliowalipa kwa kila nukta, senti kwa idadi ya tarakimu. Zilizokosewa hazikulipwa. Hapo ndipo alipozoea ufundi wake mkuu: mlinganyo usiofumbulika kwa kalamu, unaukatakata vipande vya gridi, unabaki na kujumlisha na kutoa. Modeli nyingi tunazotumia leo, yaani programu za kukokotoa hali ya hewa ijayo, ni wajukuu wa wazo hilo.

Wasifu wake naupitia mbio. Alizaliwa Newcastle mwaka 1881, katika familia ya Waquaker, hawa ambao magharibi mwa Kenya wanajulikana kama Marafiki. Akasoma King's College, Cambridge. Akazunguka kazi nyingi, maabara ya taifa ya vipimo, kampuni ya mboji, kiwanda cha taa, mpaka mwaka 1913 alipopewa kituo cha uangalizi cha Eskdalemuir, Scotland, mahali penye mvua, upepo na utulivu wa kuandika. Vita vikaja. Mquaker hashiki bunduki, lakini hakutaka kukaa nyumbani pia. Mwaka 1916 akajiuzulu, akaenda Ufaransa kuendesha gari la wagonjwa kwenye kikosi kilichohudumia jeshi la Wafaransa. Huko, wakati wa mapumziko, ofisi yake ikiwa lundo la nyasi kavu kwenye banda la baridi, ndiko alikokokotoa utabiri wa kwanza wa namna yake duniani. Mwaka 1917, wakati wa mapigano ya Champagne, mswada ukapelekwa nyuma ya mstari wa vita ukapotea. Ulikuja kuonekana miezi baadaye huko Ubelgiji, chini ya rundo la makaa. Kitabu kikatoka mwaka 1922.

Sasa tufike kwenye kosa lenyewe, maana hapa ndipo watu wanaponikera.

Alichagua tarehe 20 Mei 1910, siku iliyokuwa na vipimo vingi vya puto, yale yanayopanda na vyombo vya kupima hewa, Ulaya kwa sababu nyotamkia ya Halley ilikuwa inapita, na data zake zilikuwa zimekwisha pangwa na Bjerknes, mtaalamu wa hali ya hewa wa Norway. Akachukua eneo la kusini mwa Ujerumani, akagawa anga tabaka 5, akauliza: mgandamizo wa hewa utabadilika kiasi gani kwa saa 6? Hesabu ikajibu: utapanda hektopaskali 145 (hektopaskali ndiyo kipimo chetu cha mgandamizo). Kwa asiye wa fani, kimbunga kinachong'oa mapaa hushusha mgandamizo labda hektopaskali 60 au 80 chini ya kawaida. 145 juu ya Ujerumani, siku tulivu! Kwenye vipimo halisi mgandamizo karibu haukusogea kabisa.

Je, alikosea kujumlisha? Hapana. Miongo mingi baadaye Peter Lynch, mtaalamu wa Ireland, aliirudia hesabu yote kwa kompyuta, data zile zile, njia ile ile. Ikatoka 145. Kwa mtu aliyekaa kwenye nyasi huku mizinga ikilia, mimi namvulia kofia.

Kosa lilikuwa kwenye upepo wa kuanzia. Mgandamizo ni uzito wa hewa iliyo juu yako, na uzito huo hubadilika hewa inapoingia zaidi ya inavyotoka. Tuseme Kariakoo saa ya mchana wanaingia watu 10,000 na wanatoka 9,990. Ongezeko la kweli ni watu 10. Ukikosea kuhesabu wanaoingia kwa asilimia 2 tu, umeongeza watu 200 ambao hawapo, na ripoti yako itasema soko linapasuka. Anga ndivyo lilivyo: mambo mawili makubwa yanayokaribia kufutana, na unachokitaka ni kile kidogo kinachobaki.

Piga mwenyewe. Kwenye mraba wa kilomita 200, upepo unaoingia ukizidi unaotoka kwa mita 1 kwa sekunde, kuanzia ardhini mpaka juu kabisa, mgandamizo unapanda takriban hektopaskali 108 kwa saa 6. Mita 1 kwa sekunde! Upepo huo hautikisi hata kanga kwenye kamba. Nani mwaka 1910 alipima upepo wa kilomita 10 juu kwa usahihi huo?

Anga halisi halifanyi hivyo kwa sababu upepo na mgandamizo vimekwisha kuzoeana, kama wazee wawili kwenye bao. Vipimo vyenye makosa havina mazoea hayo. Ukivitia mbichi kwenye milinganyo, unazalisha mawimbi makubwa ya graviti, yaani hewa inayosukumwa na kurudishwa na uzito wake kama maji yaliyotikiswa kwenye beseni, nayo hesabu inakwambia kwa uaminifu kabisa yanaelekea wapi katika dakika za mwanzo. Richardson alikadiria mwenyewe kwamba upepo ndio mchawi, na kitabu chake kina sura nzima ya kulainisha data za mwanzo, yaani kuzisawazisha kabla hesabu haijaanza. Lynch alipozilainisha, badiliko la saa 6 halikufika hata hektopaskali 1.

Kuna kundi la pili, hawa wamesoma kidogo zaidi na wananichosha kuliko la kwanza. Watasema: tatizo ni hatua ya muda, yaani hesabu inaruka mbele saa ngapi kwa mara moja, na sharti la wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy la mwaka 1928, kwamba hatua isiwe ndefu mno kwa ukubwa wa gridi. Ni kweli hatua ya saa 3 (alihesabu saa 3 kabla na saa 3 baada ya wakati wa vipimo, ndizo zile 6) kwenye gridi ile ni ndefu mno, na angeendelea hesabu ingelipuka. Lakini hakuendelea! Alipiga hatua moja. Huwezi kumlaumu mtu kwa kuanguka ngazi ya kumi na yeye hakupita ya kwanza. 145 ilikuwemo ndani ya data kabla saa haijaanza kutembea.

Na zile kompyuta za binadamu 64,000 alizozifikiria ndani ya ukumbi mmoja mkubwa, ambazo kila mtu anapenda kuzichora? Picha nzuri. Zingefika kwenye 145 kwa haraka.

Ndiyo maana mwaka 1950, wanasayansi Charney, Fjørtoft na von Neumann walipotumia mashine ya ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza za umeme, hawakuipa milinganyo ya Richardson. Waliipa mlinganyo rahisi zaidi, wa tabaka moja, ambao mawimbi ya graviti hayawezi kuzaliwa ndani yake. Utabiri wa saa 24 ulichukua kama saa 24 kuupata, lakini haukulipuka. Mashine ilisaidia. Kilichookoa kazi ni kujua nini cha kutupa.

Hapa naomba nikiri jambo. Mbinu nyingi za kutupa zilibuniwa na watu wa latitudo za kati, ambako nguvu ya Coriolis, ile inayotokana na dunia kujizungusha, inashikilia upepo na mgandamizo pamoja. Dar es Salaam tuko karibu nyuzi 7 kusini, na nguvu hiyo ni kama sehemu moja ya sita ya ile ya Munich. Mazoea ya wazee wa bao yanalegea. Baya zaidi, makutano ya upepo, kitu kile kile kilichomwaibisha Richardson, huku kwetu ndiyo mvua yenyewe. Njia za zamani za kulainisha ziliyafuta pamoja na uchafu. Za leo ni bora sana, lakini modeli ikiniwekea wingu zito juu ya Morogoro saa 3 za mwanzo, bado nasita: ni mvua, au ni data zinajinyoosha mgongo? Mara nyingine nasubiri puto la asubuhi. Mara nyingine naamua kwa pua, halafu naandika sababu za kisayansi baadaye.

Richardson aliiacha idara ya hali ya hewa mwaka 1920 ilipowekwa chini ya wizara ya jeshi la anga. Akafundisha London na Paisley, akageukia hesabu za vita na sababu zake, akafariki mwaka 1953. Lakini matokeo ya ENIAC aliwahi kuyaona, Charney alimtumia. Richardson alimpa mkewe Dorothy ramani zile, aamue kwa macho: hali iliyotokea inafanana zaidi na utabiri, au na hali ya jana yake? Dorothy akaupa utabiri ushindi, mwembamba. Richardson akamwandikia Charney kumpongeza, akisema hayo ni maendeleo makubwa mno kulinganisha na jibu lake moja, tena lisilo sahihi.

Kijana aliniuliza kama slaidi aifute. Nikamwambia picha aiache, abadili maneno. Kisha akabonyeza slaidi ya pili, nayo ilikuwa bei ya kompyuta mpya.